Jeshi Huvunjwa, Gwaride Hutawanyika

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Tabora, niliwaandalia wanafunzi habari fupi kuhusu maasi ya askari ya Januari 1964, nikaandika kwamba baada ya maasi hayo jeshi la nchi wakati huo, Tanganyika Rifles, "lilitawanywa". Mzee mmoja jirani yangu, aliyewahi kuvaa sare, aliisoma karatasi ile barazani kwake, kisha akaniuliza kwa upole askari hao walitawanywa ili wakutane tena wapi. Sikuwa na jibu.

Gwaride likimalizika na amri ya kutawanyika ikatolewa, askari huenda zake, lakini kesho alfajiri anatakiwa kikosini. Polisi nao wanapotawanya umati huwaondoa watu mahali fulani, wala hawakifuti chama chao. Yaliyotokea 1964 yalikuwa mengine kabisa. Maasi yalianza tarehe 20 Januari katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na siku iliyofuata yakakifikia kikosi cha pili kilichokuwa hapa Tabora. Tarehe 25 wanajeshi wa Uingereza, walioombwa na Serikali, wakaanza kuyazima. Jeshi lile halikuendelea hata kwa jina, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Basi jeshi la awali lilivunjwa, kama Bunge linavyovunjwa: mwenye mamlaka ametamka, na chombo hakipo tena.

Kwa hiyo nawasihi wanaoandika historia ya mji huu wasipuuze hata silabi moja. Ukiandika kwamba jeshi "lilivunjika", msomaji atadhani lilishindwa vitani au lilikosa umoja ndani yake. Ukiandika "lilivunjwa", atajua kwamba yuko aliyeamua, na ataweza kuuliza ni nani na kwa nini. "Kusambaratishwa" tuliache kwa jeshi lililopigwa na adui.

Jambo la pili ni kwamba kinachovunjwa ni kikosi, si mtu. Askari mmoja mmoja huachishwa, hustaafu, hufukuzwa au hurejeshwa uraiani, na kwa familia yake tofauti ya maneno hayo ni kubwa mno, kwa kuwa mojawapo ni heshima na jingine ni aibu. Ndugu zetu wa Kigoma, waliowapokea wakimbizi wengi kutoka Burundi, wamesikia sana habari za kuwapokonya wapiganaji silaha, kuvunja vikosi na kuwarejesha watu uraiani. Hatua hizo zisiandikwe kana kwamba ni moja, maana wapiganaji wanaweza kusalimisha bunduki zote na kikosi chao kikabaki na kamanda wake na utii wake.

Nilipoiandika upya karatasi ile, nilisema kwamba jeshi lilivunjwa na askari wake wengi wakaachishwa. Mzee aliisoma mara mbili, akaniomba nakala yake.