Seli imeng'aa, lakini chembe imeingia?

Chembe nano (chembe ndogo mno, zinazopimwa kwa nanomita) zinazong'aa zina uhusiano na floraidi inayotia meno rangi huku kwetu? – Msomaji, Usa River

Hapana, majina tu ndiyo ya ukoo mmoja. Mwaka 1852 mwanafizikia George Stokes aliupa mng'ao huu jina la "fluorescence" kutokana na jiwe la floriti, ambalo ndani yake mna florini. Floraidi ya maji yenu inatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, na kuyachemsha hakuiondoi.

Nimewekea seli za HeLa (seli za saratani zinazokuzwa maabara) chembe za silika zenye fluoresini, rangi inayong'aa kijani, kwa saa 4, nikaosha, zikang'aa kijani. Niandike kwamba zimeingia? – Mwanafunzi, Moshi

Usiandike bado. Hadubini inakuonyesha rangi ilipo. Haikwambii kama rangi hiyo bado imo kwenye chembe, wala kama chembe iko ndani au imenata nje ya utando.

Anza na uvujaji, maana ndio unaoaibisha wengi. Loweka chembe kwenye midia (maji ya kulishia seli) yenye seramu 10% kwa saa 24 katika nyuzi 37, zizungushe kwenye sentrifuji mpaka zitulie chini, kisha chukua maji ya juu peke yake uyawekee seli nyingine. Seli hizo ziking'aa, ulichokuwa unakipiga picha ni rangi iliyotoroka. Chembe za nanomita chache hazitulii kwa sentrifuji ya kawaida. Hizo tumia kichujio chenye matundu madogo kuliko chembe.

Ukishavuka hapo, rudia jaribio katika nyuzi 4. Poza seli nusu saa kabla, na chembe nazo ziwe za baridi. Seli humeza kwa kutumia nishati, na kwenye baridi kazi hiyo karibu inasimama. Mng'ao unaobaki hapo kwa sehemu kubwa ni wa chembe zilizonata nje. Tripani bluu, rangi ya kutambua seli zilizokufa, nayo husaidia, kwa sababu inazima kijani cha nje bila kupenya seli hai. Kwa rangi nyekundu usiitegemee: ikishika protini, yenyewe hung'aa nyekundu.

Klopromazini, dawa ileile ya wagonjwa wa akili, hutumika kuziba njia ya klatrini, protini inayosaidia seli kumeza vitu. Ila haizibi njia hiyo peke yake, na dozi ikizidi inaua seli. Weka kundi lililopewa dawa bila chembe, la sivyo utaita kifo "kizuizi".

Kuna mtego wa upande wa pili pia. Fluoresini hufifia kwenye tindikali, na ndani ya lisosomu (vifuko vya seli vya kumeng'enya) pH ni kama 4.5 hadi 5. Chembe iliyoingia vizuri inaweza kuonekana hafifu kuliko iliyobaki nje.

Kipimo cha MTT kimenipa seli hai 130%. Chembe zangu zinalisha seli? – Maabara, Arusha

Hatudhani. MTT ni rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau, na zambarau hiyo hupimwa kwa mwanga. Chembe nyingi hufyonza mwanga karibu na nanomita 570, na nyingine huigeuza MTT kuwa zambarau zenyewe. Jaza vishimo kadhaa chembe, midia na MTT bila seli. Vikigeuka zambarau, umeshampata mwizi wako. Osha seli mara 2 kabla ya kuweka MTT, na thibitisha kwa kuhesabu seli kwa tripani bluu. Pima dozi kuanzia 0 hadi 200 µg/ml, kwa saa 24 na 72. Kwa ISO 10993-5, kiwango cha kimataifa cha kupima sumu kwa seli, uhai ukishuka chini ya 70% hiyo ni sumu.

Nasikia chembe hizi zina kadimiamu. Hospitalini nitadungwa? – Mzazi, Moshi

Hapana. Nukta za kwanta (chembe nano zinazong'aa kwa rangi inayotegemea ukubwa wake) za kadimiamu selenidi, zilizohusika na Tuzo ya Nobel ya kemia ya 2023, katika tiba ni za kazi ya maabara. Hofu yako ina msingi, kwa kuwa kadimiamu ni metali yenye sumu: hewa na urujuanimno huzila, kadimiamu ikatoka. Ganda la zinki salfaidi hupunguza hilo, halimalizi. Katika majaribio ya panya ya 2007, zilizotoka kwenye mkojo ni zile zisizozidi takriban nanomita 5.5 pamoja na ganda lake. Kubwa zaidi hukwama, hasa kwenye ini na bandama. Ule mstari wa kipimo cha haraka cha malaria kwa kawaida ni chembe nano za dhahabu, nazo zinabaki kwenye kipimo.

Nukta za kaboni (chembe nano za kaboni zinazong'aa) zilizopikwa kwa maji ya ndimu ni salama kwa kuwa ni za asili? – Mwanafunzi, Tengeru

Ndimu ikishakaa nyuzi 180 kwa saa kadhaa ndani ya chombo kilichofungwa si ndimu tena. Zipime kama nyingine zote. Kwanza ziweke kwenye mfuko wa kuchuja kwa saa 24 au zaidi, ukibadilisha maji, maana mabaki madogo ya upishi nayo hung'aa buluu. Seli zenyewe zina mng'ao wa asili wa buluu na kijani, kwa hiyo piga picha ya seli tupu kwa mipangilio ileile ya kamera kabla ya kugusa chembe.