Pipi za hempi: Minnesota ruksa, Idaho kosa

Ndugu, umeuliza kwa nini pipi za hempi ulizonunua dukani Minnesota bila shida, shemeji yako wa Idaho amekukataza kwenda nazo kwake. Shemeji yuko sahihi.

Sheria ya kilimo ya Marekani ya 2018 iliruhusu hempi, yaani mmea wa bangi ambao delta-9 THC yake (kemikali kuu inayolewesha) haizidi asilimia 0.3 ya uzito ukiwa mkavu. Waliotunga sheria walikuwa wanafikiria mmea shambani, si pipi. Sasa piga hesabu: pipi ya gramu 5, asilimia 0.3 yake ni miligramu 15. Hiyo inalewesha vizuri tu! Delta-8, aina nyingine ya THC inayolewesha, nayo haikutajwa kabisa, basi watu wakaitengeneza maabara kutokana na CBD, kemikali ya hempi isiyolewesha, ikauzwa hadi vituo vya mafuta.

Kila jimbo likajipangia lake. Minnesota tangu Julai 2022 inaruhusu miligramu 5 za THC kwa kipande, 50 kwa pakiti, mnunuzi awe na miaka 21. Idaho haitaki THC hata chembe. Januari 2019 dereva wa lori alikamatwa huko na hempi aliyokuwa anaipeleka Colorado, yaani anapita njia tu.

Halafu Novemba 2025 ikasainiwa sheria ya taifa zima: kikomo miligramu 0.4 za THC kwa pakiti au chupa nzima, kuanza Novemba 2026.

Na ile fikra yako ya kumpelekea mama pipi hizi Nairobi kwa ajili ya maumivu ya magoti, acha kabisa. Kwa sheria ya Kenya, hiyo ni bangi.