Piga jicho kwanza, urembo baadaye

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo: kwa nini ndege wako wote wanatoka kama nukta nyeusi, na mtu anajuaje kwamba huyu aliyempiga ni ndege gani. Ukatuwekea na picha ya yule aliyetua kwenye waya wa umeme, ukasema kamera uliachiwa na kaka yako ikiwa na lenzi yake ndogo. Naona wenzangu wamekimbilia kukutajia lenzi za mamilioni. Mimi mwaka wa nane huu nazungukia Dar na vitongoji vyake na lenzi ya kuvuta ya milimita 55-250 niliyoinunua mkononi kwa mtu, kwa hiyo nijibu kwa upande wetu sisi wa mfuko mwembamba.

Kabla sijasahau: usiwaambie majirani kwamba unakwenda "kupiga ndege". Mimi nilisema hivyo mwaka wa kwanza, na jioni mzee wa nyumba ya pili akanisubiri kibarazani kuuliza kama nimepata kwale wawili watatu, amtume mjukuu aje achukue mmoja. Nilimwonyesha picha. Akaangalia kamera, akaniangalia mimi, akasema "haya, mwanangu" kwa sauti ya mtu anayemhurumia mgonjwa.

Sasa tuje kwenye utambuzi, maana ndio uliobeba mengine yote. Mwaka wangu wa pili nilimkuta mnana dume anafuma kiota kwenye matete, kando ya kidimbwi. Njano tupu, anang'aa. Nikapiga kama picha mia hivi. Nyumbani nikachagua moja, nikaipandisha rangi kwenye kompyuta mpaka kichwa kikawa cha machungwa kabisa, nikaituma kwenye kundi letu la wapenda ndege nikijigamba kwamba nimempata Ploceus bojeri (hilo ndilo jina lake la kisayansi), yule mnana mwenye kichwa cha machungwa ambaye makazi yake ni pwani ya Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania. Pongezi zikamiminika. Kisha bibi mmoja mstaafu, ambaye ameangalia ndege tangu mimi sijazaliwa, akaandika maneno machache tu: "Mwanangu, nitumie picha ambayo hujaigusa. Nataka kuona jicho."

Nikaituma. Jicho lilikuwa jekundu la waridi. Bojeri jicho lake ni jeusi-kahawia. Huyu wangu alikuwa Ploceus subaureus, mnana wa kila siku, ambaye uso wake una wekundu kidogo tu wa kutu na ndio ule niliouchochea kwa mkono wangu hadi ukawa kichwa cha machungwa. Yaani ushahidi nilikuwa nao, nikauharibu mwenyewe kwa kutafuta urembo.

Tangu siku ile kila ndege nampiga kwa ajili ya ushahidi kwanza. Picha tatu nne za haraka: jicho na mdomo, ubavu mzima, miguu, na mgongo akigeuka. Zikitoka na ukungu kidogo si neno. Nikishapata hizo ndipo naanza kutafuta mwanga mzuri na tawi safi. Na faili la asili silifuti, narekebisha nakala.

Minana ndio shule nzuri kuliko zote kwa sababu wapo kila mahali na wanachanganya. Wakiwa kwenye mavazi ya kuzalia, yaani manyoya ya msimu wa kuzaa, madume unawatenganisha kwa jicho. Mwenye kichwa cheusi, mgongo wa madoadoa na jicho jekundu ni P. cucullatus (P. ni kifupi cha Ploceus), yule anayejaza mti mzima viota na makelele. Mwenye barakoa nyeusi lakini jicho jeupe kama maziwa ni P. intermedius. Akiwa wa njano, ana mstari mweusi unaopita kwenye jicho la rangi ya kupauka, ni P. ocularis, na huyu humkuti kwenye kundi, anatembea wawili wawili vichakani. Majike na makinda waache kwanza. Nakuambia kweli, yapo majike ya minana ambayo mpaka leo nayaandika "mnana" basi, nalala usingizi.

Hapo ndipo majina yetu yanapotupa shida. Kiswahili kina majina matamu ya ndege, lakini mengi ni ya ukoo mzima. Chozi ni kila kijindege chenye mdomo uliopinda kinachonyonya maua, kipanga anabeba nusu ya ndege wa kuwinda, na mnana ndio hao niliowataja wote. Kwa hiyo jifunze jina la Kiswahili ili ujue ukoo, halafu jina la kisayansi ili ujue mtu mwenyewe. Usilione gumu. Hakuna anayekukagua matamshi.

Nukta nyeusi zako sasa. Nimeiangalia ile picha: umempiga kutoka chini, anga jeupe nyuma yake, saa sita na nusu mchana kwa mujibu wa taarifa zilizomo kwenye faili. Kamera imepima mwanga wa anga, ikamwacha ndege gizani. Hata ungekuwa na lenzi ya mamilioni ungepata nukta, ila kubwa. Jua liwe mgongoni kwako. Toka saa kumi na mbili na robo asubuhi mpaka saa mbili na nusu, au rudi jioni kuanzia saa kumi. Anga likikulazimisha, ongeza mwangaza kwa hatua moja au moja na nusu kwa ile alama ya kujumlisha na kutoa. Yangeyange ni kinyume chake: ni mweupe mno, ukimwacha kamera imwamulie manyoya yanaungua yanakuwa kama karatasi, kwa hiyo kwake punguza.

Kasi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, usishuke chini ya 1/500 ya sekunde kwa aliyetua, na 1/1000 au zaidi kwa anayeruka. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijiendeshe yenyewe, weka kikomo 3200. Fokasi tumia nukta moja ya katikati, la sivyo kamera itapenda jani lililo mbele ya ndege kuliko ndege, na utarudi nyumbani na picha kali sana za mwarobaini. Mengine utayajua mbele ya safari.

Ukipata hela, nunua darubini kabla ya lenzi. Ya 8x42 inatosha sana; nane ni mara inazokuza, arobaini na mbili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Unaangalia dakika kumi, unapiga dakika moja. Na ukibanwa, simu ukiiweka sawasawa kwenye tundu la darubini inatoa picha ya ushahidi. Si nzuri, lakini jicho utaliona.

Ufukweni, ambako wengi wanakata tamaa, siri ni maji. Mimi nilikwenda mara tatu kwenye tope la karibu na Daraja la Salender nikakuta ndege kwa mbali kama pilipili manga zilizomwagika. Aliyenifungua akili ni mvuvi: "Unakuja maji yamepwa, wao wamefuata chakula huko. Njoo yakiwa yanajaa, yatakuletea." Sasa naangalia jedwali la maji, nafika muda wa saa mbili kabla maji hayajajaa, nakaa chini kimya na nguo zisizong'aa. Maji yanawasukuma hatua kwa hatua mpaka unasikia midomo yao ikichokoa tope. Siku za bamvua yanakuja kwa kasi, chunga begi lako. Mimi langu lililowa, na chaja ikafa.

Kati ya Oktoba na Machi ndio wageni wanajaa, waliotoka Ulaya na Siberia kukimbia baridi. Sululu utawajua kwa mdomo mrefu uliopinda kushuka chini. Mwenye mistari kichwani na mdomo wa wastani ni Numenius phaeopus, asiye na mistari na mdomo uliopitiliza ni N. arquata. Wale ndege wadogo wa kijivu wanaokimbia kimbia kama wamesahau kitu, kusanya picha tu mwaka wa kwanza.

Weupe wa majini nao usiwaite wote yangeyange. Yangeyange mwenyewe ni yule wa kufuata ng'ombe, mdomo wa njano. Mwenye mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya njano kama amevaa soksi ni Egretta garzetta. Yule mkubwa, Ardea alba, mtazame pembe ya mdomo: ule mstari wa kinywa unapita mpaka nyuma ya jicho. Kwa yule wa saizi ya kati unaishia chini ya jicho. Jambo hilo kwa macho matupu ni gumu, lakini kwenye picha ya ushahidi unalikuza, unaliona, umemaliza ubishi.

Kuhusu programu za kutambua ndege: ninayo Merlin kwenye simu, na kumbukumbu zangu nazipeleka eBird, zote za chuo kikuu cha Cornell cha Marekani. Zinasaidia. Lakini Merlin usiiulize kama mganga. Ipe picha, mahali na tarehe, ikuletee majina, kisha wewe ndiye utafute sababu ya kuyakataa. Je, anapatikana eneo hili? Mwezi huu? Jicho linakubali? Picha nayo haikuambii ukubwa, mwendo wala sauti, ndiyo maana natembea na kidaftari. Mfano dudumizi: mara nyingi utamsikia kichakani, sauti kama maji yanamiminwa kutoka kwenye chupa, kabla hujauona hata mkia. Andika saa, mahali, alikuwa anafanya nini.

Mambo mawili ya tahadhari. Kamera ndefu karibu na madaraja na majengo ya serikali inaleta maswali. Niliwahi kuwekwa chini ya mti saa nzima na mlinzi mmoja mpaka nikafuta picha zote za asubuhi ile. Siku hizi naanza kwa salamu, naonyesha picha kabla sijaulizwa. Wa mwisho nilipomwonyesha sululu aliuliza kama analiwa, tukawa marafiki. La pili, kiota usikisogelee wala usikate majani yanayokiziba ili upate picha safi. Unayemfungulia njia ni kunguru. Na huo mchezo wa kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili ajitokeze, uache. Anadhani ameingiliwa na mpinzani, anaacha kula anakuja kupigana na spika. Ukijaribu sauti ya bundi usiku uswahilini, hayo mengine utajieleza mwenyewe kwa mjumbe.

Turudi kwa ndege wako wa kwenye waya. Kichwa giza, mkia wa wastani, kijishungi kidogo kama nywele zilizosimama. Nadhani ni shore, lakini kwa picha hiyo siwezi kuapa. Sema anatua hapo kila siku, si ndio? Basi kesho saa moja asubuhi simama upande wa pili wa barabara, jua liwe nyuma yako, umtazame chini ya mkia pale manyoya yanapoanzia. Kukiwa na njano ni shore. Kusipokuwa na njano weka picha hapa, ambayo hujaigusa.