Mawe mawili mfukoni

Asali ni nzito kuliko maji. Ndoo ya lita 20 ukiijaza maji unapata kilo 20. Ukiijaza asali iliyoiva vizuri inafika kilo 28 hivi. Jambo hilo nililijua tangu msimu wangu wa kwanza wa kununua asali, na kwa miaka sita nililinyamazia.

Naanzia hapo kwa sababu vijana wa kanisani kwetu wanaoingia kwenye biashara huniuliza mara nyingi: mama, Mkristo atajuaje lililo sawa na lisilo sawa, wakati soko lina taratibu zake? Wengi wanategemea niwape orodha ya makatazo. Mimi huwasimulia habari ya ndoo.

Nanunua asali kwa warina, yaani watu wanaovuna asali kwenye mizinga, wa Sikonge na pembezoni mwa Uyui, naichuja, naiuza Tabora mjini. Utaratibu niliokuta ulikuwa huu: mnunuzi anakuja na ndoo zake, mrina anamimina mpaka juu, analipwa kwa ndoo. Bei lakini inatajwa kwa kilo. "Msimu huu kilo elfu tatu. Ndoo ya ishirini, elfu sitini." Mzee anapiga hesabu kichwani, tatu mara ishirini, anaona sawa, anapokea noti zake. Mimi nikifika mjini naweka mizani mezani, nauza kwa kilo. Katika kila ndoo kulikuwa na kilo nane ambazo hakuna aliyelipwa, yaani shilingi 24,000. Mtu aliyekaa porini siku kadhaa, akapanda miti usiku na moshi wake kuishusha mizinga ya magome, ananipa robo na zaidi ya jasho lake bure, kisha ananishukuru kwa kufika.

Na kabla ya kununua tulikuwa tunasali. Mimi ndiye niliyeongoza sala.

Siku ilipofichuka haikuwa na makelele. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne alikuja na mizani ya kuning'iniza, akaifunga kwenye tawi la mti wa mtundu, akatundika ndoo ya baba yake. Ikasoma 29. Akaimimina asali kwenye pipa langu, akatundika ndoo tupu, ikasoma moja. Mzee akauliza mizani imesemaje. "Ishirini na nane, baba, ukitoa ndoo." Mzee akanigeukia. "Kumbe wewe mama ulikuwa unajua?"

Sikuwa na jibu. Kama angenitukana ningepata la kumjibu.

Nilipofika nyumbani mume wangu alinitetea. Alisema sikuiba, kwani tulikubaliana bei, ndoo ilikuwa mbele ya macho yao, na hakuna neno la uongo nililotamka. Wafanyabiashara wenzangu walisema hivyo hivyo, wakaongeza kwamba wanunuzi wote wanapima namna hiyo. Ni kweli sikusema uongo. Nilimwacha tu mtu aamini uongo ambao ulikuwa unaninufaisha, na nikahakikisha sitaji neno lita pale alipokuwa anafikiri kilo. Nilipojaribu kumweleza Mungu tofauti ya mambo hayo mawili kwenye sala, niliona aibu katikati ya sentensi.

Nilikuwa nimeisoma mara nyingi ile Mithali 11 inayosema "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA". Nilikuwa nafikiria watu wengine, wale wanaochezea mizani ili idanganye. Mizani yangu mjini ilikuwa sahihi kabisa, imekaguliwa na kupigwa muhuri. Kilichonipata ni Kumbukumbu la Torati 25. Pale Waisraeli wanakatazwa kuwa na mawe ya kupimia ya aina mbili mfukoni, moja kubwa, moja dogo. Zamani hizo uzito ulipimwa kwa mawe. Mjanja hununua kwa jiwe kubwa na kuuza kwa jiwe dogo, na kila jiwe ukilitazama peke yake ni jiwe tu, halina kosa. Kosa liko kwenye mfuko unaoyabeba yote mawili. Jiwe langu kubwa lilikuwa ndoo. Jiwe langu dogo lilikuwa kilo.

Nabii Amosi naye, sura ya nane, anawataja watu wanaongoja sabato iishe ili warudi kuuza nafaka kwa kipimo kilichopunguzwa. Walikuwa watu wa ibada. Walihudhuria kama nilivyokuwa nahudhuria mimi, na fungu la kumi nililitoa bila kukosa, kutoka humo humo kwenye kilo nane za wazee wa Sikonge.

Nilipomsimulia jirani yangu, Mwislamu anayeuza mchele, akaniambia hata Kurani ina sura nzima inayoitwa kwa jina la watu wa namna hiyo, Al-Mutaffifin, sura ya 83, inayoanza kwa ole kwa wapunjao: wakipimiwa wanataka watimiziwe, wakiwapimia wengine wanapunguza. Kwa hiyo sitakuambia kwamba Wakristo peke yetu ndio tunaojua jema na baya. Hata Mtume Paulo, kwenye Warumi 2, anakiri kwamba watu wasio na torati wanayo sheria iliyoandikwa mioyoni mwao. Yule mzee hakuhitaji Biblia kujua kwamba amepunjwa.

Hapo ndipo nilipolazimika kujiuliza imani yangu inanisaidia nini basi, kama ubaya wa kupunja unajulikana na kila mtu. Jibu nililipata kwa Zakayo, na nililipata kwa sababu safari hii niliisoma Luka 19 polepole, kwa mpangilio wake. Mkubwa wa watoza ushuru yuko juu ya mkuyu. Yesu anamwita kwa jina na kumwambia ashuke, kwamba leo atakaa nyumbani kwake. Watu wananung'unika. Yesu hajamwambia neno hata moja kuhusu fedha. Baada ya kupokea ugeni huo ndipo Zakayo anasimama mwenyewe na kusema: "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Kama Yesu angetanguliza daftari la madeni, naamini Zakayo angebaki juu ya mti akitunga utetezi, kama nilivyokuwa natunga mimi na mume wangu sebuleni. Mtu anayejua kwamba akikiri atatupwa, hatakiri. Atasema tulikubaliana bei. Mimi niliweza kusema "niliiba" siku nilipoamini kwamba nikishalisema neno hilo bado nitakuwa mtoto wa Mungu. Mpaka leo naona hicho ndicho Ukristo ulichoniongezea katika jambo la haki na dhuluma. Maarifa ya dhambi nilikuwa nayo. Ujasiri wa kuitaja kwa jina lake ndio sikuwa nao.

Neno moja kuhusu hoja ya "wote wanafanya", kwa sababu ndiyo inayowashika vijana wengi. Sisi watu wa Tabora tuna sababu ya kuiogopa. Mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Mmisionari na msafiri Livingstone alipokuwa Kwihara, karibu na hapa mjini, mwaka 1872, biashara hiyo ilikuwa jambo la kila siku, na aliyeifanya alionekana mtu wa shughuli zake kama wengine. Na Wakristo tusijitoe. Mimi ni Mmoravian, muumini wa Kanisa la Moravian. Tunafundishwa kwa fahari kwamba wamisionari wetu wa kwanza walikwenda kisiwa cha St. Thomas, huko Karibi, mwaka 1732 kuwahubiria watumwa. Ni kweli, na walipata mateso kwa ajili hiyo. Lakini miaka michache baadaye kanisa lenyewe lilinunua shamba huko, pamoja na watumwa wake. Watu wa sala, wenye Biblia mkononi, walimwita mtumwa ndugu Jumapili na kummiliki Jumatatu. Nikilikumbuka hilo naacha kutegemea kwamba kusali kwenyewe kutanionyesha kosa langu. Nahitaji kumwuliza aliyeko upande wa pili wa mizani, kwa sababu yeye ndiye anayeliona.

Sasa ushauri, kwa aliyegundua ana mawe mawili. Unaweza kuwa fundi cherehani unayeomba mita tatu ukijua mbili na nusu zinatosha, na kipande kinachobaki hukitaji. Unaweza kuwa mwalimu unayeacha mada nusu darasani ili uimalizie kwenye masomo ya kulipia jioni, au muuza dagaa ambaye sado yake imewekewa kitu chini. Kuacha ni mwanzo mzuri, lakini usiishie hapo. Rudisha.

Mimi nilichukua daftari zangu. Bahati nilikuwa naandika majina na idadi ya ndoo. Daftari za miaka minne nilizipata. Za miwili ya mwanzo zililoa mvua, na kwa hizo nilitegemea kumbukumbu za warina wenyewe, nikakubali idadi waliyonitajia bila kubishana. Mara nne ya Zakayo sikuiweza, na nilimwambia Mungu hivyo. Nikashika kanuni ya Hesabu sura ya tano: anayekiri kosa arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Mtu mmoja aliyeniuzia ndoo 11 nilikuwa na deni lake la 264,000, sehemu ya tano ni 52,800, jumla 316,800. Niliandika kila jina hivyo. Nililipa kwa misimu mitatu, wajane kwanza.

Nenda mwenyewe. Usitume fedha kwa simu na ujumbe wa "ahsante kwa ushirikiano". Lazima uketi mbele ya mtu na kumweleza ulichofanya na jinsi ulivyokifanya, ili asipunjwe tena na mwingine kwa njia ile ile. Na usiende ukitegemea kukumbatiwa. Mrina mmoja alihesabu fedha mbele yangu, akaziweka mfukoni, akasema, "Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa namshukuru mwizi," akaingia ndani. Hajaniuzia tena, na ana haki. Msamaha ni mali yake. Sikuwa nimekwenda kuununua. Yule mzee wa mizani alipokea kiasi chake, ile sehemu ya tano akanirudishia mkononi. Alisema hiyo hajaifanyia kazi. Nilimbembeleza, akakataa, tukanywa uji, nikaondoka nayo.

Jambo jingine nililojifunza: usikimbilie kupeleka fedha hiyo kanisani. Kuna mtu mmoja nilikuwa na deni lake lakini alikuwa amehama, na nilikwenda kwa mchungaji nikiwa na bahasha. Hesabu 5 inasema kama aliyedhulumiwa hana jamaa wa kupokea, malipo yanakwenda kwa kuhani, nami nilikuwa nimelishika andiko hilo vizuri. Mchungaji aliniuliza nimemtafuta kwa muda gani. Nikasema wiki mbili. Akanisukumia bahasha. "Mama, rudi ukatafute. Madhabahu si mahali pa kuficha deni la mtu." Akanikumbusha maneno ya Yesu kwenye Mathayo 5, kwamba mtu aiache sadaka yake pale pale, aende kwanza akapatane na ndugu yake.

Sitakuahidi kwamba utafanikiwa zaidi. Wapo wanaohubiri kwamba ukiwa mwaminifu Mungu atakuza biashara yako, na nasikitika vijana wanapoingia kwenye uaminifu kama wanaoweka akiba ya riba. Faida yangu ilishuka na haijarudi ilipokuwa. Wanunuzi wengine bado wanabeba ndoo, na wanaponikuta porini wananiita jina ambalo sitaliandika hapa. Tulihamisha mtoto mmoja shule. Kama ungeniuliza msimu ule kama nimebarikiwa, ningekuambia nimechoka.

Na yapo mambo ambayo sijayapatia jibu. Huku kwetu tunaambiwa Mkristo asivute sigara, na makanisa mengi ya Urambo na Sikonge yamejengwa kwa fedha za tumbaku, ambayo kuikausha kwa kuni kwenye mabani, yaani mabanda ya kukaushia, kunakula miti ile ile nyuki wanayoitegemea. Nina ndugu wanaolima tumbaku, waumini wa kweli, na hawana zao jingine linalolipa ada. Siwahukumu. Naona tu kwamba Biblia ni wazi sana kuhusu mawe mawili, na kuhusu tumbaku imetuachia dhamiri na mazungumzo, nayo mazungumzo hayo hatujayaanza kwa uzito.

Siku hizi nafika na mizani. Naitundika mtini, ndoo tupu inapimwa kwanza, na anayesoma namba ni mrina au mtoto wake. Sala tunaifanya baada ya malipo.

Yule mtu aliyehama, nimeambiwa alielekea upande wa Mpanda na mizinga yake. Bahasha yake iko ndani ya daftari, kwenye ukurasa wa jina lake, ndoo saba, 201,600. Jirani yake wa zamani ananiahidi kwamba mdogo wake huja kijijini msimu wa kurina. Nitakuwepo.