Klachi pleti mpya, CG125 ya zamani bado inavuta ukishika klachi: usinunue kitu kingine kwanza

Mkuu wa Makambako nimekusoma. Umeweka klachi pleti mpya kwenye Honda CG125 ya mzee, sasa ukishika klachi yote ukaingiza namba moja pikipiki inaruka mbele na kuzima, injini ikipata moto frii (gia huru) haipatikani mpaka uzime kabisa, na fundi kakwambia ni giaboksi uandae laki kadhaa. Usitoe hela kwanza. Mimi yamenikuta hayo hayo na CG hiyo hiyo, nimefungua lile kava la kulia la injini mara nne ndani ya wiki tatu, hapa Uyole, Mbeya, mwezi wa sita, asubuhi baridi mpaka spana inakung'ata vidole, na giaboksi haikuwa na kosa hata moja.

Kwanza tutenganishe magonjwa maana hapa wengi wanachanganya. Klachi inayoteleza ni ile unapiga resi injini inalia mwendo hauji, hiyo utaijua ukipanda Kawetele kwenda Chunya umebeba mtu. Yako haitelezi, yako haiachii. Dawa zake zinapingana, ukikaza waya kuponya moja unaleta nyingine, ndo maana ukipokea ushauri wa kila mtu kijiweni utazunguka mpaka Krismasi.

Kosa langu la kwanza ni la aibu. Nilitoa pleti kwenye pakiti nikazipachika kavu. Klachi ya hizi pikipiki inaogelea kwenye oili, zile pleti zenye vipande vya kahawia unatakiwa uziloweke usiku kucha kwenye oili safi ndo uzifunge. Zikiwa kavu zinashika vibaya, zinaungua mapema. Kama ulifunga kavu fungua, hamna ujanja hapo.

La pili oili. Nilikuwa na dumu la oili nzito ya trekta la bwana mmoja jirani, nikasema oili ni oili. Asubuhi ya Mbeya, huku tuko kama mita 1700 juu, ile oili inakuwa kama asali, pleti zinagandana, unashika klachi lakini oili yenyewe ndo inaburuza tairi. Tafuta oili ya pikipiki, kwenye chupa iandikwe JASO MA (alama ya oili inayofaa klachi inayoogelea), 10W-40 au hata 20W-50 ya maana. Za gari zile zinazojisifu kubana mafuta achana nazo, zina vilainishi vinavyofanya klachi iteleze. Na hata oili ikiwa sawa, pikipiki iliyolala siku kadhaa itagandana kidogo, kabla ya kuwasha shika klachi, weka namba mbili, isukume mbele na nyuma mara kadhaa mpaka usikie imeachia. Hilo sio tatizo, ni tabia. Tatizo ni kama inavuta hata ikiwa ya moto, kama yako.

Waya wa klachi usiuruke kwa sababu ni rahisi. Mkono wa klachi pale nchani unatakiwa ucheze kama milimita 10 mpaka 20 kabla haujaanza kukaza. Ukicheza zaidi ya hapo unapoteza safari ya waya, pleti haziachani. Usipocheza kabisa klachi itateleza. Na uchungulie zile nyuzi kule chini unapoingia kwenye mkono wa kava, wangu ulikuwa umebakiza nyuzi tatu nne, unavuta unanyooka tu wenyewe. Kulainisha, zamani tulikuwa tunafunga karambo juu ya waya tunamimina oili inashuka usiku, siku hizi rambo zimepigwa marufuku, mi natumia kidole cha glavu ya mpira nimekikata ncha.

Sasa haya yote nikayafanya na bado inavuta. Hapo ndo nikaenda kukaa na mzee mmoja fundi wa zamani kule Igawilo, hana hata bango, akaniuliza swali moja tu: pleti mpya umezipima? Nikamwambia ni mpya zinapimwa nini. Akacheka akanipa kalipa, kile kipimo cha unene.

Za Honda zenyewe zikiwa mpya unene wake ni milimita 2.9 mpaka 3.0. Zangu za dukani kila moja 3.2. Utasema 0.2 ni nini, lakini yangu inakula pleti tano, 0.2 mara tano tayari milimita moja nzima imeongezeka. Kitita kikiwa kinene springi zinabanwa zaidi, ndo maana mkono ulikuwa mgumu kuliko mwanzo (angalia kama na wako umekuwa mgumu, ni dalili nzuri sana hiyo), na presha pleti, ile sahani inayozibana pleti zote pamoja, inakosa nafasi ya kurudi nyuma. Halafu fikiria, tuseme presha pleti inasogea milimita moja na nusu tu ukishika klachi. Pleti tano zina nyuso kumi za kugawana hiyo nafasi, kila uso unapata 0.15. Sasa ondoa chochote hapo uone kinabaki nini. Na kuna jingine, hizi injini za Kichina zilizotokana na CG ziko za pleti tano na ziko za sita, pakiti zinafanana, muuzaji anakupa iliyo karibu na mkono. Kama fundi wako aliongeza ya sita "ili ishike vizuri" mpigie simu umuulize vizuri.

Pleti za chuma nazo zile nne usizirudishe kwa kuziangalia kwa macho. Laza moja moja juu ya kioo cha dirisha. Kipimo cha Honda cha kupinda mwisho ni milimita 0.2. Huna fila (vibamba vya kupimia mwanya)? Wembe wa kawaida wa makali pande mbili una unene wa 0.1, bandika mbili pamoja ujaribu kuzipitisha chini ya pleti. Zikipita, hiyo pleti imepinda, kaa nayo utengenezee kengele ya mbuzi. Yangu moja ilipita bila hata kukwaruza, nilikuwa nimeirudisha mara tatu huku nalaumu giaboksi.

Nikapata pleti za 3.0 kwa jamaa wa spea kuukuu pale Kabwe, nikafunga, ikapona nusu. Frii inapatikana ikiwa ya baridi, ikipata moto inarudi kule kule. Mara ya nne ndo nikaangalia hausingi yenyewe, ule mtungi ambao masikio ya pleti yanaingia. Mzee aliniambia usiangalie, papasa. Pitisha ukucha ndani ya kila kidole cha hausingi kutoka juu kwenda chini. Ukucha wangu ulikuwa unashuka tik, tik, tik, vishimo vitano kila kidole, miaka yote hiyo masikio ya pleti yanagonga pale pale kwenye alumini. Pleti za zamani zilishazoea vishimo vyake. Mpya zinakaa juu kidogo ya pale, sikio linashika kwenye ukingo wa kishimo, ukishika klachi presha pleti inasogea lakini pleti zenyewe zimeng'ang'ania hapo hapo haziachani.

Dawa ni tupa bapa laini na subira. Toa hausingi nje kabisa, usipige tupa ikiwa kwenye injini, unga wa alumini utaishia kwenye oili na pampu. Piga sawasawa pande zote, hesabu, mi nilikuwa nahesabu mikwaruzo kumi kila upande, mpaka ukucha upite bila kukwama. Usitafute kukifuta kishimo chote mpaka chini, ukila sana masikio yatacheza mno na pikipiki itakuwa inagonga kama cherehani bovu. Kama mashimo ni marefu tafuta hausingi nyingine, hata kuukuu iliyo nyoofu. Grenda sitaki hata kuisikia hapo. Ukimaliza osha kwa petroli, puliza.

Wakati wa kufunga kitu kimoja tu nitasisitiza, presha pleti ina meno yanayoingia kwenye senta (kitovu cha klachi), jino likikaa juu ya jino badala ya kwenye mfereji bolti zitakaza vizuri tu utadhani umemaliza. Kabla ya kurudisha kava bana zile pleti kwa vidole ujaribu kuzitikisa, zikicheza hata kidogo fungua upya. Na bolti za springi kaza kwa mkingamo, kidogo kidogo, zile nguzo za alumini zinakatika kama biskuti.

Kwa hiyo kwako, ukiwa unafungua Jumamosi niletee haya: unene wa kila klachi pleti, idadi, nyembe mbili kwenye kioo, na picha ya hausingi. Ifute oili kwanza, halafu mulika tochi kwa pembeni sio kwa mbele, kwa mbele vishimo havionekani.