Usiende kwenye kituo atamizi kutafuta mtaji

Niliingia kituo atamizi, yaani mahali panapolea biashara changa, hapa Dar es Salaam nikiwa na ndoo mbili za siagi ya karanga na matumaini ya kupewa mtaji. Mtaji sikupewa. Wiki ya kwanza mshauri wangu, mama mmoja mstaafu wa benki, aliniuliza kopo moja linanigharimu shilingi ngapi. Nikamtajia karanga, kopo na lebo. "Na gesi? Na bodaboda? Na wewe mwenyewe, nani anakulipa?" Tulikaa na daftari hadi saa kumi jioni. Kopo nililokuwa nauza 5,000 lilikuwa linanigharimu 5,300. Kumbe miezi minane yote nawalisha wateja kwa pesa zangu!

Ndiyo maana mtu akiniuliza kama ajiunge, namuuliza kwanza ameshauza nini. Kama hata majirani hawajanunua, asubiri kidogo. Kuku huatamia yai lililokwisha kutagwa. (Na jina lina historia ya kuku kweli: mwaka 1959, mjini Batavia, jimbo la New York, Joseph Mancuso aliligawa jengo la kiwanda kilichofungwa akapangisha wafanyabiashara wadogo. Mpangaji mmojawapo alikuwa mtotoleshaji wa vifaranga.)

Kwangu faida kubwa ilikuwa chumba. Alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) huipati kwa bidhaa unayosagia jikoni, paka akipita chini ya meza. Kituoni tulikuwa na jengo moja la zamu, lenye vigae ukutani, sinki na neti madirishani: mimi Jumatatu na Alhamisi, dada wa pilipili ya chupa Jumanne. Hapo ndipo nilipoelewa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na nafaka. Kabla ya hapo nilinunua karanga za bei chee na kusaga hata zilizosinyaa, ilhali mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyohiyo yaliua watu Dodoma na Manyara. Sasa nachambua kwa mkono, punje kwa punje, na zenye ukungu natupa. Hata kuku simpi.

Kama uko mkoani usione umeachwa. Anza na ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambalo lina mitaa ya viwanda mikoani, na barua yao ya utambulisho hukurahisishia safari ya TBS.

Mashindano ya kuwasilisha wazo, mimi nayaogopa. Nilipoteza miezi miwili nikipamba slaidi huku oda zinalala. Aliyeshinda alipiga picha na ile hundi kubwa ya boksi, pesa yenyewe aliisubiri hadi akachoka. Na mkataba usome wote, maana vituo vingine huchukua hisa. Ukitaka kujua kituo kinafaa, usimuulize meneja wake. Uliza majina ya waliotoka miaka mitatu iliyopita, halafu nenda dukani ukatafute bidhaa zao.

Tena usizoee kodi nafuu ya pale. Kuanzia mwezi wa tatu nilitenga 60,000 kila mwezi, kana kwamba nadaiwa. Muda ulipoisha nikapata chumba Mbagala, mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nilimhesabia palepale barazani.