Wapi niwapeleke wanafunzi wakasome viumbe huku huku Kusini?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mie mwalimu wa baiolojia, nafundisha sekondari moja hapa Masasi. Tuna klabu ya mazingira na watoto wana moto kweli, ila kila tukikaa kupanga safari watu wanataja Serengeti na Mikumi, hela hiyo hatuna. Huku Mtwara na Lindi tuwapeleke wapi wakajifunze kitu, sio kupiga picha tu?

JIBU: Mwalimu, pole na kazi. Hela ya Serengeti achana nayo, wala msijione mmekosa. Mimi ningeanza na Msimbati, kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ipo tangu mwaka 2000 na ina kilomita za mraba kama 650, ndani yake mna matumbawe, majani ya bahari, mikoko, na fukwe ambazo kasa wanapanda kutaga. Ila nendeni siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maana ndo maji yanakupwa mbali na mwamba unabaki wazi, mkienda maji mafu mtaishia kuangalia bahari tu. Waulizeni wavuvi saa za kupwa kabla hamjaweka mafuta kwenye gari.

Na msikimbilie matumbawe mkaiacha mikoko, hapo ndo somo lilipo. Waambie watoto wakae na daftari watazame mizizi: mkoko umesimama kwa miguu iliyojipinda, mchu, mkoko wa aina nyingine, unachomoza vijiti juu ya tope ili upate hewa, halafu mbegu ya mkoko inaota ikiwa bado juu ya mti ndipo idondoke. Ukurasa mzima wa kitabu wanaushika kwa mkono. Kati ya Julai na Novemba nyangumi wanapita pwani hii, wakiwaona ni bahati yao.

Upande wa Lindi kuna uwanda wa juu wa Rondo. Msitu wa asili pale umekatwa sana, inauma kwa kweli, sehemu kubwa sasa ni miti ya kupandwa, lakini kwenye vipande vilivyobaki yupo komba wa Rondo, mdogo mno, ana uzito kama gramu 60 tu, na duniani anapatikana Tanzania peke yake, kwenye misitu michache ya pwani. Huyu ni wa usiku. Tochi ifunikeni nailoni nyekundu, mkae kimya, mrekodi milio kwa simu, maana wataalamu wanawatofautisha komba kwa mlio kuliko sura. Kwa hiyo ni safari ya kulala, wazazi waelezwe mapema, na kibali muombe kwa wakala wa misitu, TFS. Msimbati nako mnalipia hifadhini, andikeni barua ya shule mapema muulize viwango vya wanafunzi.

Tendaguru, kule Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria 1909 hadi 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi na leo dinosaria mmoja amesimama Berlin ana kimo cha zaidi ya mita 13, ni pazuri kwa historia, ila msitegemee kukuta mifupa imepangwa, ni kilima na pori.

Kama hela ni ya safari moja tu mwaka huu, basi Msimbati, na mwakani rudini pale pale na madaftari yale yale.